Mamba wa Edina

Kila siku, kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Kigoma, Edina alikuwa ameshafika ufukweni Katonga pamoja na mama yake. Kazi yao ilikuwa kuanika dagaa. Mama Honorata aliwamwaga kwenye chanja kutoka kwenye ndoo, na Edina akawatandaza kwa viganja vyote viwili, taratibu, wasije wakalaliana. Wakishamaliza chanja ya mwisho, Edina alinawa mikono kwa sabuni na limau, akavaa sketi yake ya shule na kukimbilia darasani. Alikuwa darasa la sita, na hakuwahi kuchelewa.

Mikono ya Edina ilipokuwa kazini, mdomo wake nao haukupumzika. Asubuhi hiyo alikuwa akiwasimulia wanawake wenzake na mama habari za paka wa jirani.

"Alibeba samaki mzima, kuhe!" alisema. "Mkubwa kama mtoto wa chekechea. Akaruka naye ukuta, hakugusa hata tofali."

"Jana ulisema alibeba mgebuka," mama yake alimkumbusha.

"Alianza na mgebuka, mama. Kuhe alimfuata baadaye."

Wanawake waliangua kicheko mpaka mmoja akaketi mchangani. "Mama Edina," alisema akifuta machozi, "chumvi ya mtoto huyu tungeitia kwenye dagaa hawa, wasingeoza mwaka mzima!"

Edina naye alicheka. Alipenda sana watu wakicheka kwa sababu yake. Kwa ajili ya kicheko kimoja kizuri angeweza kumuongezea paka yule mabawa.

Mwezi huo mji mzima ulikuwa ukizungumzia kitu kimoja, gari jipya la kutembeza watalii. Lilikuwa limepakwa rangi ya kijani na njano, na watu wakalibatiza jina la Kiboko. Juu lilikuwa basi, lenye viti, paa la turubai na madirisha mapana yasiyo na vioo. Chini lilikuwa na tumbo la chuma kama mashua. Lilikuwa na magurudumu sita ya kutembelea barabarani, na nyuma lilikuwa na rafadha, lile panga linalozunguka na kusukuma chombo majini. Kiboko lilianzia stesheni ya reli, likapita Mwanga, likaenda Ujiji, kisha likarudi hadi Bangwe. Hapo, badala ya kugeuza kama magari mengine, liliteremka moja kwa moja ziwani na kuendelea na safari yake hadi ndani ya ghuba.

Aliyeliendesha alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu, aitwaye Winfrida. Aliwahi kuendesha malori ya mizigo, kisha boti za abiria za kwenda Kagunga. "Barabarani niiteni dereva," aliwaambia watu, "na majini niiteni nahodha." Lakini watu walimwita Nahodha kila mahali, hata sokoni.

Siku moja Nahodha Winfrida alifika shuleni kwa akina Edina akiwa na habari njema. Wenye gari wameamua kuwa wanafunzi wa mji huu watapanda Kiboko bure, kila mmoja na mzazi au mlezi wake. Darasa la sita litapanda kwa zamu mbili, nusu Jumamosi hii, nusu nyingine baada ya majuma mawili. Sharti lilikuwa moja tu. Wa kushika kipaza sauti na kuwaeleza abiria wanachokiona njiani lazima awe mwanafunzi wa darasa hilo.

Darasa zima liligeuka na kumtazama Edina.

"Naona mmeshachagua," alisema Mwalimu Crispin akitabasamu. "Edina, sauti unayo na maneno unayo. Sasa tafuta habari za kusema."

"Leo ni Jumatatu, una siku tano," aliongeza Nahodha Winfrida. "Nenda makumbusho ya Ujiji ukaulize. Kamwone Mzee Gasper kule Bangwe, amefanya kazi kwenye meli miaka thelathini na ziwa hili analijua. Jambo usilolijua, usiliseme. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Nahodha!" Edina aliitikia kwa sauti iliyofika darasa la pili.

Mzee Gasper alikuwa babu yake Scola, rafiki mkubwa wa Edina. Siku hiyohiyo baada ya masomo Scola alimvuta mkono. "Twende kwa babu sasa hivi. Yupo nyumbani."

"Kesho," alisema Edina. "Leo nataka kufanya mazoezi ya sauti."

Alifanya mazoezi kweli. Alisimama mbele ya kioo cha mama yake, mwiko mdomoni kama kipaza sauti, akainama, akatabasamu, akapunga mkono. Jumanne alifanya hivyo tena. Jumatano aliambiwa na Scola kuwa babu anamsubiri, akasema kesho. Alhamisi mvua ilinyesha. Ijumaa jioni alipofungua daftari lake, alikuta mistari mitano tu, na miwili kati ya hiyo ilikuwa salamu.

"Haidhuru," alijiambia. "Mimi sijawahi kukosa la kusema."

Jumamosi kulipambazuka bila wingu. Stesheni ilijaa vitenge vipya na viatu vilivyong'arishwa. Mama Honorata alivaa kitenge cha bluu alichokuwa amekiweka kwa ajili ya sikukuu. Scola alikuja na babu yake, mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma. Wote walipokwisha kuketi, Edina alishika kipaza sauti. Hakutetemeka hata kidogo.

"Mabibi na mabwana, wazazi wetu wapendwa, shikamooni!"

"Marahaba!" Kiboko zima liliitikia.

"Hii ndiyo stesheni ya Kigoma. Hapa ndipo reli ilipochoka. Imetoka Dar es Salaam, ikapita Morogoro, Dodoma, Tabora, ikafika hapa, ikaliona ziwa, ikasema, basi, mimi siwezi kuogelea!"

Watu walicheka na kupiga makofi. Kiboko liliunguruma na kuondoka. Walipopita Mwanga wauza ndizi waliwapungia, watoto wakakimbia kando ya barabara wakipiga kelele, "Kiboko! Kiboko!" Edina aliwaeleza abiria habari za soko, akamaliza mstari wake wa tano, na Ujiji ilikuwa bado mbele.

Hapo ndipo alipoanza kutunga. Walipopita nyumba moja kuukuu yenye mlango wa mbao uliochongwa, alisema ilijengwa na tajiri mmoja aliyekuwa na wake arobaini, na kila mke alikuwa na jogoo wake, kwa hiyo watu wa Ujiji hawakulala miaka kumi. Walipopita ukuta uliobomoka, alisema ulibomolewa na tembo aliyekuwa akitafuta chumvi. Abiria walicheka. Mama Honorata alimwambia jirani yake, "Huyu ni wangu!" Mwalimu Crispin peke yake ndiye aliyekunja uso kidogo.

Bangwe, juu ya mteremko wa zege unaoingia ziwani, Nahodha Winfrida alisimamisha gari. Alishuka, akalizunguka akikagua vizibo vya chini, kimoja baada ya kingine, kisha akarudi na kuhakikisha kila mtu amefunga jaketi lake la kujiokolea.

"Sikilizeni vizuri," alisema. "Tukiwa majini, kila mtu abaki kwenye kiti chake. Chombo hiki kinapenda uzito wa kushoto ulingane na wa kulia. Ukitaka kuona kitu, geuza shingo, usigeuze mwili."

Kisha akakanyaga mafuta. Kiboko liliteremka kwa kishindo, pua yake ikapiga maji, mawimbi mawili meupe yakaruka kulia na kushoto na kuwarushia wote mvua ya matone. Mayowe yaliyosikika hapo yalikuwa ya furaha tupu! Mama mmoja alipiga vigelegele. Magurudumu yaliacha ardhi, rafadha ikaanza kuzunguka, na mara gari likawa mashua. Maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba mawe ya chini yalionekana, na samaki wadogo wa njano walikimbia huku na huku kati yake.

"Haya, mwongozaji," abiria walisema, "tuambie!"

Edina alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakukuwa na neno ndani yake.

Mzee Gasper aliona, akataka kumsaidia. "Mjukuu wangu," alisema kwa upole, "hebu tuambie, ziwa letu lina kina gani kule katikati?"

"Mita... mita mia mbili, mzee," alisema Edina.

"Mia mbili?"

"Na kumi."

Baadhi ya wazazi walitazamana. Mmoja alicheka, lakini hakikuwa kicheko anachokipenda Edina. Alitazama huku na huku akitafuta chochote cha kusema. Upande wa kulia, mbali kidogo, gogo jeusi lilikuwa likielea. Alijua ni gogo, kwa kuwa matawi yake yalionekana waziwazi.

"Mamba!" alipiga kelele kwenye kipaza sauti. "Kulia kwenu! Mamba mkubwa!"

Watu wote waliokuwa kushoto waliruka kutoka kwenye viti vyao na kukimbilia kulia. Kiboko lililala upande. Viti vilipiga kelele, mikoba ikateleza, maji ya ziwa yakapanda mpaka ukingo wa madirisha na kumwagika ndani, baridi, juu ya miguu ya watu. Mama Honorata aliteleza, akajipigiza kiwiko kwenye chuma. Mtoto mdogo alilia.

"Kitako!" Sauti ya Nahodha ilikuwa kubwa kuliko injini. "Kila mtu akae chini hapohapo alipo! Asisimame mtu!"

Walikaa, wengine sakafuni ndani ya maji. Nahodha alipunguza injini, akaanza kuwarudisha watu kushoto wawiliwawili, huku wakitambaa. Kiboko likainuka polepole, polepole, mpaka likakaa sawa. Pampu ikaanza kutoa maji nje. Ilichukua dakika chache tu, lakini hakuna aliyekuwa akicheka tena.

"Nauliza mara moja," alisema Nahodha Winfrida akimtazama Edina. "Umemwona mamba?"

Watu wote walikuwa wakimtazama. Mama yake alikuwa ameshika kiwiko, damu ikimchuruzika kidogo kati ya vidole.

"Nimemwona," alisema Edina.

"Hata mimi!" alidakia mwanafunzi mwenzake, Erasto, kutoka kiti cha nyuma. "Nimeuona mkia wake!"

Nahodha aligeuza chombo na kurudi Bangwe.

Uongo ule uliposhuka kwenye Kiboko haukuhitaji tena Edina wa kuubeba, ukatembea wenyewe. Saa nane mchana, kule Mwanga, mamba alikuwa na urefu wa mita sita. Jioni, Ujiji, alikuwa ameshameza mbuzi wa mtu. Jumapili, baada ya ibada, kijana mmoja aliapa kuwa mamba huyo amevuka kutoka Kongo na amevaa bangili.

Edina angecheka, kama si yaliyofuata. Nahodha Winfrida, kama kazi yake ilivyomtaka, alikuwa ametoa taarifa. Jumapili mchana ofisi ya kata ilitangaza kuwa ni marufuku kuoga, kufua wala kuchota maji ufukweni Katonga na Bangwe mpaka mamba apatikane. Kiboko likaegeshwa. Mitumbwi ya dagaa ikaambiwa ishushie mzigo upande mwingine wa mji.

Jumatatu asubuhi Edina na mama yake walifika ufukweni kama kawaida. Chanja zilikuwa tupu. Hapakuwa na ndoo, hapakuwa na vicheko, hapakuwa na mtoto aliyerusha maji. Wanawake watatu walikuwa wamekaa wakitazama ziwa wasilolikaribia. Mbali kidogo, askari wawili wa wanyamapori walikuwa wakisukuma boti majini, bunduki mgongoni, kwenda kumtafuta mamba katikati ya matete.

"Mungu awalinde," alisema mmoja wa wanawake. "Wana watoto, wale."

"Mwacheni mamba atafutwe," alisema Mama Honorata, mkono wake umefungwa kitambaa. "Mimi kanitoa damu, lakini namshukuru Mungu kuwa mwanangu alimwona mapema. Angekuwa mtoto mwingine, angenyamaza. Wangapi wangeliwa?"

Alisema hivyo kwa fahari, akimshika Edina begani. Edina alihisi mkono ule mzito kuliko gunia la dagaa. Aliitazama boti ya askari ikiondoka. Akafikiria ikipinduka huko kwenye matete, watu wawili wakizama kwa ajili ya gogo.

"Mama," alisema.

"Naam, mwanangu."

"Hakuna mamba."

Mama yake hakuelewa. "Wataenda kumtafuta, usiogope."

"Hapana, mama. Hakuna mamba. Lilikuwa gogo. Nilijua ni gogo." Machozi yalianza kumtiririka. "Sikuwa na la kusema. Sikwenda kwa Mzee Gasper, sikwenda makumbusho, nilikuwa najitazama kwenye kioo. Mzee akaniuliza kina cha ziwa nikaona aibu, nikasema mamba ili watu wasinicheke. Ni mimi niliyekuumiza mkono."

Mama Honorata aliutoa mkono wake begani kwa Edina, akakaa mchangani. Edina angeona nafuu kama angepigwa.

"Askari wale," hatimaye mama alisema, "unaweza kuwaita wakasikia?"

Edina alifuta macho. Alikimbia mpaka maji yakamfika magotini, akaweka viganja mdomoni na kupaza sauti ile ambayo mwalimu aliisifu. "Rudini! Jamani, rudini! Hakuna mamba!"

Boti iligeuka.

Asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza, alichelewa shuleni. Mama yake alimpeleka ofisi ya kata, akamwacha aeleze mwenyewe, bila kumsaidia neno. Mtendaji wa kata alisikiliza, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Mji mzima unaogopa," alisema. "Nikitangaza mimi kuwa mamba hayupo, watasema serikali inaficha."

"Basi atangaze yeye," ilisema sauti mlangoni. Ilikuwa ya Nahodha Winfrida, aliyekuja kuuliza habari za chombo chake. Alikuwa amesikia yote. "Kipaza sauti anakijua."

Saa nne Kiboko lilitoka kwenye maegesho, nahodha usukani, Edina kiti cha mbele, mama yake nyuma yake. Walianza Bangwe. Watu walipoliona gari walitoka nje wakidhani kuna mamba aliyeuawa ndani yake. Edina alishika kipaza sauti kwa mikono yote miwili.

"Naitwa Edina, wa darasa la sita," alisema. "Mimi ndiye niliyesema nimeona mamba. Sikuona mamba. Nilidanganya. Ufukwe uko salama, na mimi naomba radhi."

Mzee mmoja mwenye baiskeli akauliza, "Na yule mbuzi aliyemezwa je?"

"Yupo, baba," alijibu Edina. "Hakumezwa na mtu."

Kicheko kililipuka barabara nzima. Edina alitaka kujificha chini ya kiti, lakini Nahodha alisema, "Endelea, bado Katonga, Mwanga na Ujiji." Akaendelea. Mahali pengine walimzomea. Mwanga, muuza nyanya mmoja alimwambia angemcharaza kama angekuwa mwanawe. Lakini wengine walimpigia makofi, na walipokuwa wakirudi Katonga, watoto walikuwa wameshaingia majini na nguo zao, wakirushiana maji na kupiga kelele kama watu waliotoka kifungoni. Nyuma yao mtumbwi wa kwanza wa dagaa ulikuwa ukigusa mchanga.

Mtu mmoja tu hakukubali. "Mimi mkia niliuona," alishikilia Erasto shuleni. "Labda wa gogo, lakini niliuona."

Mchana huo Edina alisimama mbele ya darasa, akawaomba radhi wenzake na Mwalimu Crispin, kisha akasema yuko tayari mwingine achaguliwe kuongoza ile nusu ya darasa iliyobaki. Mwalimu alisema atamuuliza mwenye chombo. Jibu la Nahodha Winfrida lilikuja kesho yake. "Namtaka huyohuyo. Ameona kwa macho yake chombo kikilala upande. Hatasahau. Lakini safari hii asije na mdomo mtupu."

Edina hakupoteza hata siku moja. Jumatano aliingia nyumbani kwa Mzee Gasper akiwa na daftari jipya, Scola pembeni yake.

"Shikamoo, babu. Nimekuja kukuomba radhi, halafu nimekuja kujifunza."

"Marahaba, mwana wanje," alisema mzee, akimwita mwanangu kwa Kiha, akamsogezea kigoda. "Radhi nimekwisha kutoa. Tuanze na kina."

Kumbe kina cha ziwa, mahali penye kina kirefu kabisa, kilikuwa karibu kilometa moja na nusu kwenda chini! Edina aliacha kuandika, akamtazama mzee kuona kama anamtania. Mzee hakutania. Alimweleza kuwa nchi nne zinachangia ziwa hilo. Akamweleza habari za meli kongwe ya Liemba, iliyoletwa kutoka Ulaya ikiwa vipandevipande ndani ya masanduku, ikaungwa hapahapa Kigoma, ikazamishwa kwa makusudi wakati wa vita ili adui asiipate, kisha ikainuliwa kutoka chini ya maji na kusafiri tena.

"Ilizama ikafufuka?" aliuliza Edina.

"Ego, ndiyo. Na mimi nimeipaka grisi injini yake kwa mikono hii."

Siku nyingine Edina na Scola walikwenda makumbusho ya Ujiji wakasikiliza historia ya misafara ya zamani ya pembe za ndovu na ya watumwa, nyingine ya huzuni sana, mpaka Edina akaona haya kukumbuka wake arobaini na majogoo yao. Na kila asubuhi, akitandaza dagaa, sasa alikuwa akiuliza maswali. Alishangaa kugundua kuwa wanawake wale walijua mambo mengi kuliko alivyodhani. Mmoja wao alimweleza juu ya samaki wa kwenye mawe ambaye hubeba watoto wake mdomoni, na kukiwa na hatari wote humkimbilia mama yao na kuingia kinywani.

"Unanitania, shangazi," alisema Edina.

"Nakutania mimi? Wewe ndiye wa kuniambia hivyo?" alisema mwanamke, na wote wakacheka, Edina akiwemo.

Jumamosi ya safari ya pili ilipofika, daftari lilikuwa limejaa, lakini Edina hakulifungua hata mara moja. Safari hii Mama Honorata alikuja tena, mkono umepona, Scola na babu yake wakakaa nyuma, na Mwalimu Crispin akaketi mbele kabisa. Edina alianza na reli iliyochoka, maana ule ulikuwa utani tu na kila mtu alijua ni utani. Ujiji alipunguza sauti, akaeleza ya misafara, na abiria wakainama mbele kusikiliza. Bangwe waliteremka majini kwa kishindo kilekile, vigelegele vilevile, mvua ileile ya matone.

Alipowaambia kina cha ziwa, baba mmoja alisema, "Haiwezekani!" na Mzee Gasper akajibu kutoka nyuma, "Inawezekana!" Alipowaeleza juu ya samaki anayebeba watoto mdomoni, abiria wote walinyoosha shingo kutazama majini, lakini hakuna aliyenyanyuka kwenye kiti.

Kisha msichana mdogo, mdogo wake mwanafunzi mmoja, akanyoosha kidole. "Dada, ndege yule mweusi aliyekaa kwenye jiwe anaitwaje?"

Edina alimtazama ndege. Majina matatu ya kubuni yalimjia ulimini, na moja lilikuwa la kuchekesha sana. Aliyameza yote.

"Simjui," alisema kwenye kipaza sauti. "Kuna anayemjua?"

"Huyo ni mnandi," alisema mama mmoja katikati. "Anapiga mbizi kama mvuvi. Tazameni sasa hivi."

Kama aliyesikia, ndege alijirusha majini, akapotea, akaibuka mbali na samaki mdomoni. Kiboko zima likapiga makofi, na Edina akapiga pamoja nao, kwa kuwa naye alikuwa akiona jambo hilo kwa mara ya kwanza akijua jina la ndege huyo.

Waliporudi Bangwe na Kiboko likapanda nchi kavu, abiria waliteremka wakimpa mkono. Mama Honorata alimkumbatia. Wa mwisho kutoka alikuwa Nahodha Winfrida, aliyezima injini na kukaa kidogo kwenye ngazi, akimwashiria Edina akae karibu naye.

"Nikuambie jambo," alisema. "Wengi wanaopanda humu hawalijui ziwa. Hawaoni chini ya maji, hawajui ya zamani. Wanaona kwa macho ya anayewaeleza. Siku ile ulisema kulia, na watu wote wakaenda kulia. Unaona nguvu uliyokuwa nayo? Watu hawakukimbia kwa sababu ya mamba, Edina. Walikimbia kwa sababu walikuamini. Mtu akikuamini amekupa uzito wake wote uubebe. Ukimdanganya, mnazama pamoja. Usipojua, sema sijui. Ukikosea, sema nimekosea, tena sema mapema, kabla boti ya askari haijaenda mbali."

"Nimeelewa, Nahodha," alisema Edina.

"Najua. Nimekuona leo." Nahodha Winfrida alisimama, akachukua ufunguo wa vizibo, akamwita Scola, na kuwakabidhi wote wawili upande mmoja wa tumbo la Kiboko. "Haya, fungueni vizibo maji yatoke. Saa tisa kuna wageni kutoka Ilagala, na wameniuliza kama mwongozaji ni yule msichana anayesema kweli."